Mdhamini wa Nyamvula

Siku Stambuli alipoipata kazi yake mpya hakuwa amekwenda kortini kwa kesi. Alikwenda kunywa maji. Pale korti ya mjini palikuwa na mfereji ukutani, upande wa kivuli, na maji yake baridi kama ya mtungi. Jua la Februari, mwaka wa themanini na saba, lilikuwa limemwandama tangu daraja la Nyali, naye alikuwa ndani ya suti ya kahawia iliyoshonewa mtu mwingine. Akanywa, akajipangusa kwa leso ya hariri ambayo haikuwa hariri, akageuka aende zake. Ndipo akauona ule ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa wa kawaida tu, wa mbao na kioo kilichopasuka pembeni. Kila asubuhi karani hubandika hapo karatasi za majina: nani kesi yake inasikizwa leo, nani aliitwa akakosa kuja, nani ametolewa waranti akamatwe. Zimepigwa taipu kwa Kiingereza, herufi zimekanyagana. Mbele yake walisimama watu kama ishirini, kila mmoja akitambaza kidole juu ya kioo kama anayetafuta vijiwe ndani ya mchele.

Mmoja wao alikuwa utingo wa lori kutoka Miritini, jina lake Mwangi. Alimwona Stambuli na ile suti, akamwambia, "Mzee, hebu niangalilie kama niko."

Stambuli akaangalia. Akina Mwangi walikuwa watatu, na hakuna aliyekuwa huyu. Akamwambia hayumo. Yule bwana akamshukuru Mungu kwa sauti. Akamshika Stambuli mkono mpaka kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, akamwagizia mahamri manne na bakuli la mbaazi za nazi, na alipoyamaliza akamwagizia mengine manne.

Watu wengi hula mbaazi bila kufikiri. Stambuli alikula akifikiri. Ikiwa mtu akiambiwa hayumo hulipa mahamri manane, je, akiambiwa yumo, kisha akatolewa, atalipa nini?

Stambuli alikuwa amefanya kazi nyingi kabla ya hiyo, zote fupi. Aliwahi kuuza nafasi katika foleni ya sukari. Aliwahi kukodisha shela ya bibi harusi kwa maharusi watatu wa siku moja, na ndiyo sababu Likoni, alikozaliwa, hakukanyaga tena tangu harusi hizo. Sasa alipanga chumba Mjambere, huko Kisauni, katika nyumba ya Bi Zubeda, mjane mnene wa maneno matamu aliyekaanga viazi vya karai mbele ya mlango wake kila baada ya sala ya alasiri.

Akajitengeneza. Alinunua daftari kubwa, akalivika karatasi ya kaki na kuliandika nambari mgongoni. Akapachika kalamu tatu mfukoni mwa koti, ile nyekundu mbele. Mhuri akauchonga kwa wembe kwenye kipande cha muhogo mbichi: duara, na ngao katikati. Ngao ilitoka kama kobe, lakini mhuri wa serikali unaosomeka vizuri nani amewahi kuuona? Tabu yake ilikuwa moja tu, kwamba ulinyauka kila baada ya siku tatu. Basi akichonga mwingine, na ule mkongwe akiumenya na kuuchemsha, maana mtu wa kazi hatupi chakula.

Akaanza na mwenye nyumba. Akamwambia Bi Zubeda kwamba yeye sasa ana shughuli kortini, anatafuta majina katika vitabu vya waranti, na kwamba si vibaya mtu kuangaliwa mapema. Akaandika jina lake, la babake na la babu yake. Baada ya siku mbili akarudi na uso wa msiba.

"Bi Zubeda, umo. Ukurasa wa mia mbili na kumi na saba, mstari wa nne toka chini."

Bi Zubeda akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi bila kuangalia anakalia nini, akaruka, akaketi kwenye mkeka. "Kwa jambo gani, mwanangu?"

"Mwenyewe unalijua."

Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wote. Stambuli hakumtajia mtu kosa hata siku moja. Alinyamaza tu, kalamu nyekundu mkononi, akamwachia mtu achague mwenyewe. Na nani katika Kisauni nzima hakuwa na lake? Baiskeli bila taa, mikoko iliyokatwa bila ruhusa, kuku wa jirani aliyeingia jikoni kwa miguu yake akakuta maji yanachemka. Bi Zubeda alifikiri kidogo, akasema kwa sauti ndogo kwamba kumbe ni vile viazi, na wale askari wa manispaa wa mwaka juzi, aliowakimbia na karai la moto. Stambuli akafumba macho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ndilo hilo," akasema.

Pesa hakupokea. Alisema pesa ni rushwa na rushwa ni haramu, na watu wakamwona mcha Mungu. Alichopokea ni shukrani, nayo shukrani ikawa saa ya ukutani ya Bi Zubeda, na kodi ya chumba ikasahauliwa. Badi, fundi baiskeli wa Bombolulu, mwenye mikono kama makoleo, alikiri mambo matatu kabla hajaulizwa hata moja, na la tatu Stambuli alimwomba alikatize katikati kwa kuwa mkewe alikuwa nyuma ya pazia. Badi akatoa redio. Wengine wakatoa bata, jozi za kanga, birika la kahawa. Kila Alhamisi Stambuli aliwavusha wateja daraja, akawaketisha kwenye benchi la ukumbini kortini, akaingia kwa mlango huu na kutokea kwa ule, mabega yamejaa vumbi alilojipaka mwenyewe, na kumpa kila mtu cheti chenye kobe wa buluu. Watu wakarudi makwao wamenyooka migongo. Kusema kweli, kwa miezi mitatu Mjambere ililala usingizi mzuri kuliko wakati wowote, na wapo wanaosema hata leo kwamba ile saa ililipia jambo.

Basi tamaa ikamtuma kwa Nyamvula.

Nyamvula wa Nguma alikuwa mama wa miaka hamsini na zaidi, mwembamba, mwenye jicho moja dogo kuliko jingine, na aliuza tembo la mnazi nyuma ya Mjambere chini ya minazi kumi na moja aliyoikodi. Mgema wake, Kahindi, alipanda asubuhi na jioni. Stambuli alimpigia hesabu akiwa mbali: muuza tembo bila leseni, mjane, asiyejua kusoma, na nyuma ya nyumba kafungwa beberu mweupe wa kutamanika. Asilolijua Stambuli ni kwamba mama huyu aliijua korti kama ajuavyo ua wake. Alikuwa ameshtakiwa mara sita. Alijua benchi lipi lina kunguni. Alijua kwamba hakuna kitabu chenye ukurasa wa mia mbili na kumi na saba. Kuna mafaili, yamefungwa kwa uzi, na lake aliijua nambari yake kwa moyo.

Na wiki ile alikuwa na shida kubwa. Kesi ya saba ilikuwa imefunguliwa, na hakimu alikuwa amemwambia kwamba kwa umri wake atamwacha nje, lakini Alhamisi aje na mdhamini. Asipokuja naye, ataingia rumande mpaka kesi iishe, na kesi za pale zilikuwa haziishi. Mnazi nao haungoji. Usipogemwa siku chache hukauka, na mwenye shamba alikuwa na mtu mwingine tayari anayeitaka ile minazi. Kahindi angegema, ndiyo, lakini pasipo jicho la Nyamvula angekunywa yote.

Mdhamini alimtafuta kote asimpate. Kesi ya tano shemeji yake Kalama ndiye aliyemdhamini. Nyamvula akaenda matangani Kaloleni, tarehe ikampita, na Kalama akalala selo siku tatu na mbu wa serikali. Tangu hapo akina Kalama walipomwona Nyamvula njiani waligeuka kutazama bahari, hata pale isipoonekana.

Jioni ya Jumatatu Stambuli akabisha hodi. Nyamvula akamkaribisha, akampa kigoda, akasikiliza yote: daftari, ukurasa, mstari. Alipoambiwa yumo, akajishika shavu.

"Maskini mimi. Na wewe, mwanangu, kule kortini wanakujua?"

"Wananijua, mama. Nikiingia hata hakimu husimama."

"Husimama," Nyamvula akarudia, polepole, kama anayeonja chumvi. Akamwuliza kama anakaa hapa hapa Mjambere. Akamwuliza kama ana kitambulisho. Stambuli akakitoa akamwonyesha kwa fahari, maana kwa mtu wa kazi yake kitambulisho cha kweli ni pambo. Nyamvula akakishika juu chini, akakirudisha, akasema Mungu ni mkubwa.

Wakapatana. Beberu atakuwa wa Stambuli siku watakayorudi salama, lakini mama ataka kwenda mwenyewe Alhamisi aone kwa macho yake waranti ikifutwa. Stambuli hakuona ubaya. Kila mteja alikwenda. Asubuhi ya pili Nyamvula akazunguka kwa Bi Zubeda na kwa Badi, akawaomba wamsindikize, kwa kuwa yeye ni mtu wa shamba na korti haijui. Wakakubali kwa moyo mmoja. Walitaka kumwona hakimu akisimama.

Alhamisi wakavuka daraja wanne. Bi Zubeda alivaa buibui jipya na kubeba viazi vya njiani. Ukumbini Stambuli akawaketisha kwenye benchi, akajipaka vumbi kidogo begani, na alikuwa tu ananyoosha mkono kwenye mlango wake wa kawaida pale askari wa korti alipotokea mlango mwingine akaita, kama desturi yao, mara tatu na kwa sauti ya kuamsha mji, "Nyamvula wa Nguma."

Stambuli akaganda. Kwa miezi mitatu alikuwa hajasikia jina la mteja wake hata mmoja likiitwa na korti yenyewe.

"Twende, mwanangu, watuita," akasema Nyamvula, akamshika mkono wa koti. Alikuwa na vidole vya mtu aliyefunga mbuzi maisha yake yote.

Ndani palikuwa na feni inayozunguka kwa uvivu na hakimu mwenye miwani iliyoshuka puani. Hakusimama. Bi Zubeda na Badi wakaketi safu ya nyuma, wamejaa tabasamu. Karani akasoma, hakimu akauliza mdhamini yuko wapi, na Nyamvula akamsukuma Stambuli mbele kama mtu anayepeleka kuku mnadani.

"Ndiye huyu, Mheshimiwa. Mtu mzito. Ana shughuli zake hapa hapa kortini."

Stambuli akafungua mdomo kusema kwamba pana makosa kidogo. Nyamvula akamwinamia sikioni, na alilosema alilisema kwa upole kabisa.

"Sema hapana, mwanangu. Nami nitamwambia Mheshimiwa ukurasa wa ngapi uliniona."

Stambuli akatazama mlangoni. Palikuwa na askari. Akatazama nyuma, palikuwa na Badi, mikono juu ya magoti, akimwitikia kwa kichwa kumpa moyo. Akatazama mbele.

"Kazi yako ni nini?" hakimu akauliza.

"Ninatafuta… ninatafuta kumbukumbu, Mheshimiwa. Majina ya watu."

"Vizuri sana," akasema hakimu, akichovya kalamu. "Basi mama huyu akipotea, hutashindwa kumtafuta. Siku asipokuja yeye, utaingia wewe."

Wakachukua kitambulisho, wakakibana ndani ya faili kwa pini, wakampa Stambuli kikaratasi kidogo. Akatia sahihi mara tatu. Mhuri uliogongwa hapo haukuwa wa muhogo.

Nje Bi Zubeda akamwambia kwamba kweli hakimu hakusimama, lakini alimpa heshima. Stambuli akauliza habari za beberu. Nyamvula akamtazama kwa lile jicho dogo.

"Tulisema tukirudi salama. Salama ni kesi ikisha."

Mwezi huo, siku mbili kabla ya tarehe ya kesi, Nyamvula akaanza kuumwa magoti. Alituma habari kwa Stambuli kwamba daraja haliwezi, na huenda akaenda kupumzika kwa ndugu zake Kaloleni, hajui mpaka lini. Stambuli akaja mbio. Wakati ule mtu asiye na kitambulisho hakwenda mbali. Pale Nyali tu askari walimwuliza, na kile kikaratasi walikigeuza huku na huku wasikipende. Akamsihi. Nyamvula akasema magoti yake huumizwa na kuchota maji mferejini, pengine akipata mtu wa kumchotea yatapona. Stambuli akachota. Alhamisi magoti yakawa mazima, wakaenda kortini, na kesi ikaahirishwa kwa kuwa shahidi hakufika.

Mwezi wa pili ilikuwa mgongo, nao uliumizwa na kuni. Kesi ikaahirishwa kwa kuwa hakimu alikuwa na homa. Mwezi wa tatu ilikuwa moyo. Moyo, Nyamvula akaeleza, haupati usingizi kwa kufikiria saa ya Bi Zubeda, redio ya Badi na bata wa watu; na mtu mwenye moyo mbovu hawezi kusimama mbele ya hakimu. Stambuli akaazima mkokoteni, akazunguka Mjambere na Bombolulu nyumba kwa nyumba, akirudisha. Bata alirudisha wanne badala ya watano, kwa wa tano akalipa kanga. Badi aliipokea redio, akaijaribu, akaizima, kisha akamshika Stambuli bega na kulibana taratibu, kama anayekaza nati. Bega liliuma mpaka Ramadhani.

Mwezi wa sita karani akatangaza kwamba faili halionekani. Stambuli alisimama bila kuitwa. Faili likipotea, na kitambulisho kimepotea nalo.

"Mheshimiwa, niruhusu nilitafute."

Hakimu akakumbuka kwamba ndiyo kazi yake, akaruhusu. Kwa mara ya kwanza maishani Stambuli akaingia kwenye chumba cha kumbukumbu cha kweli. Kilikuwa na rafu mpaka darini, mafaili yamelaliana kama papa mkavu, baadhi yameliwa na mchwa toka jina la mshtakiwa mpaka hukumu. Alitafuta tangu asubuhi mpaka adhuhuri, suti ikageuka rangi, na vumbi la siku hiyo hakujipaka. Alisoma majina mia kadhaa. Humo alikutana na watu wa Mjambere aliowajua vizuri, wenye makosa ya kweli na nambari za kweli, na hakuna mmoja wao aliyewahi kuwa mteja wake. Mwisho akalipata faili la Nyamvula chini ya sinia ya chai ya makarani. Alilibusu.

Alipolileta mbele, mtu pekee asiyefurahi alikuwa mshtakiwa.

Ikafika miezi kumi na mmoja. Stambuli alikuwa amekonda, mikono imekuwa migumu, na Kisauni walimwita Bwana Mdhamini, wengine kwa heshima. Siku hiyo mwendesha mashtaka akasimama akasema kwamba askari aliyemkamata mama huyu amehamishwa Lodwar, na ushahidi, yaani dumu moja la tembo, umekuwa siki. Anaomba kuiondoa kesi. Hakimu akavua miwani, akasema haoni ubaya: kesi iondolewe, dhamana ifutwe, mdhamini arudishiwe kitambulisho chake. Karani akaanza kuichomoa ile pini.

Stambuli alilia. Alilia wazi wazi, machozi yakiteremka kwenye ile suti, na tayari alikuwa amenyoosha mkono.

Nyamvula akainua wake.

"Mheshimiwa, samahani. Hiyo kesi ikiondolewa, si wanaweza kunikamata tena kesho kwa jambo lile lile?"

Hakimu akakubali kwamba kisheria yawezekana.

"Basi mimi nataka isikizwe mpaka mwisho, nisafishiwe jina. Huyo askari wa Lodwar nitamngoja. Mimi sina haraka, na mdhamini ninaye."

Hakimu akaivaa tena miwani. Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajaona mshtakiwa mwenye imani na korti kiasi hicho, akamwandikia barua ya kumwita shahidi, na kuahirisha kesi kwa miezi minne. Kisha akauliza, kama ilivyo desturi, kama mdhamini ana neno.

Stambuli akamtazama karani, ambaye alikuwa ameirudisha pini mahali pake. Akamtazama Nyamvula, ambaye alikuwa akijipapasa goti.

"Sina, Mheshimiwa," akasema.

Wakarudi kwa miguu, yeye amebeba kikapu. Juu ya daraja upepo ulikuwa mzuri, na Nyamvula alitembea mbele, mwepesi kama msichana. Alipofika katikati akasimama kumngoja.

"Kahindi ameshikwa na homa tangu jana," akasema. "Minazi ni kumi na moja tu, wala si mirefu sana. Wewe ulishawahi kupanda?"

Stambuli akasema hajawahi.

"Si kitu, mwanangu. Tuna miezi minne."